Stata ya Land Rover 109 inanasa: shajara ya ukarabati, Uyole Mbeya

JUMAMOSI

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), petroli, injini ya cc 2286, silinda nne. Ilikuwa ya mjomba, imeshusha viazi na pareto kutoka Umalila miaka na miaka, na kabla ya hapo ilikuwa ikishuka Usangu kufuata mpunga. Sasa ipo kwangu hapa Uyole na nimeamua iwake kwa stata yake yenyewe, sio kusukumwa na wala sio kutafutiwa mteremko kila inapoegeshwa. Mjomba kule juu hakuwa na shida na hilo, Umalila kila mahali ni mlima, unaachia breki gari linaserereka, unaachia klachi linaunguruma, basi. Kwa hiyo stata imekaa muda mrefu sana haiguswi.

Dalili ni hii: ukizungusha ufunguo unasikia TAK moja nzito kutoka chini, halafu kimya. Injini haigeuki hata kidogo. Unarudia, tak, kimya.

Dogo wa jirani akaniambia kaka hiyo betri tu, tukaazime nyingine. Nikamwambia ngoja kwanza tuulize gari lenyewe. Tukawasha taa kubwa, gari limeelekea ukutani, yeye akapiga stata mimi naangalia mwanga. Hiki ni kipimo cha bure na watu wengi wanakiruka. Mwanga ukibaki vilevile kama hakuna kilichotokea, ujue umeme hauendi kwenye stata, hapo tafuta kwenye solenoidi (swichi ya sumaku inayopitisha umeme wa stata), swichi ya ufunguo au waya uliokatika. Taa zikizimika kabisa au solenoidi ikapiga tatatatata, hiyo ni betri imeisha au vichwa vya betri vimelegea au vina kutu. Lakini zikififia sana, zikawa nyekundu zimelegea, halafu mota haizunguki, maana yake umeme unafika na unanywewa kwa wingi ila kuna kitu kimeshika. Zetu zilififia namna hiyo. Stata imenasa.

Kuinasua tulifanya hivi: ufunguo umetolewa, gia ya nne, breki ya mkono imeachiwa, mmoja mbele mmoja nyuma, tunalitikisa gari kwenda na kurudi. Likaja KLAK la kueleweka kabisa, kigia cha stata kimeachia meno ya flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini ambalo stata inalizungusha. Kupiga stata, injini ikageuka. Ila baada ya kuwasha na kuzima mara kadhaa ikanasa tena palepale.

Kama upo sehemu finyu huwezi kulitikisa gari kuna njia nyingine. Stata hizi za zamani za kampuni ya Lucas nyuma zina kikofia kidogo cha bati, ukikitoa unakuta ncha ya shafti imechongwa mraba, unaweka spana unaizungusha taratibu mpaka kigia kijirudishe. Na Land Rover hizi bado zina tundu la hendeli kwenye bampa la mbele, ukiizungusha injini kidogo kwa hendeli nayo inaachia. Hakikisha ufunguo umezimwa na gia iko fri, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie hendeli mkono mzima, ikipiga teke inavunja mkono.

Nyundo sijaigusa. Kugonga stata kunasaidia pale kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zikiwa zimechoka hazigusi vizuri, ila kwa kigia kilichonasa unabonyeza ganda bure.

JUMAPILI MCHANA, baada ya kanisa

Jana jioni kila aliyepita alinipa ushauri mmoja, toa hiyo kitu weka stata ya kisasa ya gari la Kijapani, funga bamba la kuunganishia, umemaliza. Nawaheshimu wanaofanya hivyo, gari la biashara haliwezi kulala. Lakini mimi siwezi kutupa kitu kabla sijajua kimekufa kwa ugonjwa gani, maana kama ugonjwa uko nje ya stata basi hiyo mpya nayo itanasa.

Na hapa inabidi kuelewa hii stata inafanyaje kazi kwa sababu haifanani na za siku hizi. Stata za kisasa solenoidi inasukuma kigia kwanza kiingie kwenye flaiwili, kikishakaa ndio mota inazunguka. Hii ya kwetu ni ya mfumo wa Bendix, wa yule Mmarekani Vincent Bendix, ambao magari yameutumia tangu miaka ya 1910. Haina kitu cha kusukuma kigia. Kigia kimekaa kwenye slivu yenye uzi kama wa skrubu pana, mota ikianza kuzunguka kwa ghafla kigia kwa uzito wake kinabaki nyuma kidogo, kwa hiyo kinapanda kwenye ule uzi na kurushwa mpaka kwenye meno ya flaiwili. Injini ikiwaka flaiwili inakwenda haraka kuliko mota, inakirudisha kigia kilikotoka. Kuna springi kubwa inayopokea kishindo na springi nyingine nyembamba ya kukizuia kigia kisijiendee chenyewe wakati injini inaunguruma. Ni kitu rahisi mno na kizuri mno, ila kina masharti mawili: lazima mota iondoke kwa ghafla, na lazima kigia kiteleze bila kusita. Likikosekana moja, kigia kinafika kwa uvivu, kinakutana na meno ncha kwa ncha au kinaingia nusu, halafu nguvu ya mota inakikaza hapo. Ndio kunasa kwenyewe.

Kwa hiyo leo nimeanza na sharti la kwanza, umeme. Nimechomoa waya wa kati wa koili ili gari lisiwake, nikamwachia dogo ufunguo, mimi na multimeta. Betri imetulia ina volti 12.6, iko fresh. Wakati stata inazungusha imeshuka mpaka 10 na kidogo, nayo inakubalika, ingeshuka chini ya 9.6 ningeiangalia betri kwa jicho lingine. Kisha nikaweka kalamu moja ya multimeta kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye ganda la stata, dogo akapiga. Volti 1.8! Pale haitakiwi izidi 0.5, maana ni njia ya ethi tu, yaani umeme kurudi betri kupitia mwili wa gari, ikionyesha nyingi ujue umeme unapotelea njiani unageuka joto.

Nikaifuata ethi. Ule mkanda wa waya wa kusuka unaotoka kwenye chesisi kwenda giaboksi, kwa nje unaonekana mzima, ila pale unapofungwa kwenye chesisi palikuwa na rangi ya fedha, chini ya rangi kutu, na kati ya kutu na bolti ungaunga wa kijani. Mtu aliwahi kupaka chesisi rangi akapaka na hapo. Nimekwangua mpaka chuma kikang'aa, msasa pande zote, nimefunga na washa mpya, nikapaka grisi kwa juu baada ya kukaza. Kupima tena, 0.3. Stata sasa inazungusha kwa sauti nyingine kabisa, ina haraka.

Na bado imenasa kabla ya giza kuingia. Imepungua sana, ila imenasa.

KATIKATI YA WIKI, jioni

Stata imeshuka. Betri nimechomoa kwanza, hilo halina mjadala, waya unaotoka betri kwenda solenoidi una umeme muda wote na spana ikiugusa pamoja na chesisi inachomelea. Bolti mbili tu, ya juu unaifikia kwa tabu, ya chini unalala chini. Ni nzito kuliko inavyoonekana, usiiache ikuangukie kifuani.

Nimeiweka kwenye gunia nikamulika tochi kwenye bendiksi, yaani ile slivu na kigia chake, na hapa ndio jibu lilipokuwa limejificha. Slivu yote imezibwa na tope jeusi, gumu kwa nje na laini kwa ndani, ukilikwangua kwa bisibisi linatoka kama vipande vya lami. Kigia ukikisukuma kwa kidole gumba kinapanda kidogo kinasimama, unakisukuma tena kinapanda kidogo kinasimama. Kinatakiwa kipande hadi mwisho kwa mguso tu na springi ikirudishe chenyewe. Nimenusa lile tope: oili ya injini iliyochanganyika na vumbi la klachi.

Sasa oili imefikaje huko? Sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) inavuja kidogo, hilo la kawaida kwa injini ya umri huu, tone moja moja. Lakini tone linatakiwa lidondoke chini, lisikae. Chini kabisa ya nyumba ya flaiwili Land Rover wameacha tundu makusudi oili itoke, na wakatoa plagi ya kuziba tundu hilo wakati wa kuvuka maji tu, ukishavuka unaitoa. Nikalala chini na tochi. Plagi iko ndani, imekazwa, imeshikana na matope ya zamani.

Nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, habari za mahindi, nikamuuliza ile plagi ya chini ya flaiwili uliifunga lini. Akacheka akasema mwanangu, hiyo si ya tangu enzi za Usangu, tulikuwa tunavuka mito kule kila safari, nani angekuwa anashuka kwenye tope kuifungua na kuifunga. Nimefurahi kuliko ningepata stata mpya, kwa sababu sasa kisa kizima kinaeleweka. Plagi imeziba, oili ya sili inajikusanya chini, flaiwili inaichota na kuirusha huku na huku, inaungana na unga wa klachi, inatua kwenye bendiksi. Gari likahamia milimani likawa linawashwa kwa mteremko, stata haitumiki, tope likakauka taratibu kwenye ule uzi. Hakuna stata, ya zamani wala ya kisasa, ingepona kwenye mazingira hayo.

Nimefungua plagi. Imetoka nusu kikombe cha uji mweusi. Plagi nimeifunga kwa waya kwenye fremu ya kiti ili iwe karibu siku ya kuvuka maji, na tundu libaki wazi.

Bendiksi nimeiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikarudia mpaka mafuta yakatoka masafi, nikaifuta na kuianika. Na hapa wakuu naomba mnisikilize, USIPAKE GRISI kwenye slivu ya bendiksi. Najua mkono unawasha, chuma kimesafishwa kinataka kupakwa kitu. Grisi inakamata vumbi la klachi na unarudi ulikotoka. Acha pakavu, na ukishindwa kabisa basi oili nyepesi mno kama ya cherehani, tone, halafu ifute.

SIKU ILIYOFUATA, Mwanjelwa

Kwa kuwa stata ipo mezani sikutaka kuirudisha bila kuiona tumboni, nikaipeleka kwa mzee mmoja anayesuka mota Mwanjelwa. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, leo umeniletea chuma cha Mwingereza. Akaishika shafti akaitikisa kabla hata hajafungua, akaniambia sikia, bushi ya mbele imeisha. Kweli ilikuwa inacheza. Alipoichomoa amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, akanionyesha sehemu inayong'aa ubavuni, imeanza kusugua vyuma vya fildi, vile vilivyofungwa ndani ya ganda. Haijafika mbali ila ingefika, na amecha ikisugua inakula umeme na mota inaondoka kwa uzito, tunarudi kwenye sharti la kwanza.

Bushi zake ni za shaba ya vinyweleo, zinakunywa oili na kuitoa kidogo kidogo. Mzee akanipa mbili akasema usizifunge leo, zilaze kwenye oili nyepesi ya injini mpaka kesho saa kama hizi. Ndivyo inavyotakiwa, masaa 24. Mtu akizifunga kavu zinaisha haraka na lawama inakwenda kwa spea.

Kaboni bado ndefu. Kwa stata hii zikifika milimita 8 unabadilisha, zetu ziko mbali na hapo. Komyuta, lile duara la vipande vya shaba ambalo kaboni zinagusa, ilikuwa nyeusi, akaizungusha kwenye leithi akaipitisha msasa laini wa kioo, akanikataza kabisa msasa wa chuma kwa sababu chembe zake zinaingia kati ya shaba na shaba. Nilimuuliza kama atachimba ile mika iliyo kati ya vipande vya shaba kama wanavyofanya kwenye dainamo. Akatikisa kichwa, stata haichimbwi, inaachwa sawasawa na shaba. Kuna vijana wanachimba kila kitu wanachokiona, akasema, halafu unga wa kaboni unajaa mle na mota inashoti.

Kigia chenyewe kilikuwa na meno mawili yaliyomegeka upande wa kuingilia. Akachakura kwenye boksi lake akapata kingine kizima kutoka stata iliyokufa, tukahesabu meno ya vyote viwili kabla ya kufurahi, yakalingana.

JUMAMOSI NYINGINE

Kabla ya kurudisha stata nimeitazama flaiwili kupitia tundu lake. Nimetoa plagi zote nne za cheche ili injini igeuke kirahisi, dogo mbele na hendeli, mimi chini na tochi na chaki. Kila jino bovu naliwekea alama.

Mabovu yapo sehemu mbili tu, zinatazamana, moja huku na nyingine ng'ambo ya pili ya flaiwili. Kote kwingine meno kama mapya. Sababu yake ni hii, injini ya silinda nne ukiizima haisimami popote, mgandamizo wa silinda inayofuata unaikataa na kuirudisha nyuma kidogo, kwa hiyo husimama karibu kila mara kwenye mojawapo ya sehemu mbili zilezile. Na kigia kila siku kinaruka kwenye meno yaleyale. Miaka mingi ya kugongwa palepale, na siku hizi kigia kinafika kimelegea kinayatafuna kwa ncha.

Meno hayajakatika, yameota ndevu za chuma pembeni na pembe zimebonyea. Kigia kizima kikija hapo kinashikwa na zile ndevu. Nimechukua tupa ndogo ya pembetatu na nimelala chini ya gari sehemu kubwa ya siku, jino kwa jino, naondoa ndevu tu na kurudisha ule mteremko mdogo wa upande wa kuingilia, mwili wa jino siugusi. Kitambaa kimetandikwa chini, na sumaku ya spika napitisha kila baada ya muda kukusanya unga. Shingo inauma lakini hii ndio kazi iliyostahili muda wangu kuliko zote.

Stata imerudi na bushi zake zilizokwisha kunywa oili. Nyuso za kukutania nimezisafisha pande zote mbili, maana hata uchafu kidogo unailaza stata pembe na kigia kinaingia upande. Bolti zote mbili nimezikaza sawa.

ASUBUHI YA BARIDI

Nilisubiri asubuhi mbaya makusudi. Mbeya iko juu mita kama 1,700 na mwezi wa saba ukiamka mapema Uyole unaona barafu ya umande kwenye majani ya bondeni, oili 20W-50 imekuwa nzito na betri imepungua nguvu, hapo ndipo stata inajulikana. Choki nimevuta, ufunguo. Imeingia kwa mlio mmoja mfupi, injini imegeuka, imeshika. Nimezima, nimeacha ipoe, nimerudia siku nzima kila nikipita. Nimeisimamisha kwa makusudi kwenye zile alama za chaki pia. Haijanasa.

Kilichobaki ni sili ya nyuma ya krenki na ringi ya meno ya flaiwili, na vyote vinataka giaboksi itoke, yaani viti, sakafu na boksi la viti vitangulie nje. Ringi mpya huingizwa kwa joto, unaipasua ya zamani kwa tindo, mpya unaipasha sawasawa pande zote isizidi nyuzi 250 ili meno yasipoteze ugumu wake, unaidondosha mahali pake na kuiacha ipoe yenyewe bila maji. Nisipoipata kwa wakati, nitaipasha hii hii na kuigeuza robo mzunguko, meno mazima yaje pale injini inaposimama. Sili ninayo tayari. Mjomba amesema nisubiri wamalize kuvuna viazi, atashuka na vijana wawili wa kubeba giaboksi.